Picha za Tumbo la Cheche

Mama Mapacha alikuwa ameinamia beseni, mikono imezama povuni hadi viwikoni, aliposikia hodi asiyoitambua. Majirani wa ua ule hawakuwa na adabu ya kubisha mara mbili. Walibisha mara moja, kisha wakaingia na maneno yao yameshaanza mdomoni. Huyu alibisha, akangoja, akabisha tena polepole, kama mtu wa ofisini au mtu anayedai.

"Karibu," alisema bila kuinuka.

Aliyeingia alikuwa msichana mrefu, viatu vyeupe kwa vumbi, begi begani. Kifuani kilining'inia kitambulisho cha hospitali. Mama Mapacha alipokiona, shuka alilokuwa analikamua lilimponyoka likarudi majini.

"Shikamoo, mama. Hapa ndipo kwa Cheche, fundi wa kuchomelea?"

"Marahaba. Ndipo. Mimi ni mkewe."

"Jamani, nimezunguka! Simu mliyoandikisha haipatikani, na kila ninayemuuliza ananionyesha njia yake. Nimekuja kwa ajili ya ile kamera."

Mama Mapacha hakungoja neno la pili. Alikuwa akiiogopa siku hiyo tangu mwanzo wa wiki. Alijifuta mikono kwenye nguo yake, akaingia ndani mbiombio, akatoka na kopo la siagi lililofunikwa barabara. Akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

"Hii hapa, mwanangu. Nzima, haina hata mkwaruzo. Nimeiosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka imetakata. Tungeileta wenyewe, tulikuwa tu hatujajipanga. Msitufikirie vibaya."

Msichana akafungua kopo. Ndani, juu ya pamba safi, kama pete ya dukani, kililala kile kidonge chenye kamera ambacho Cheche alikimeza hospitalini ili kipite tumboni kikipiga picha. Msichana akakitazama, akamtazama Mama Mapacha, akakitazama tena. Midomo yake ilianza kucheza, akaibana.

"Mama," alisema kwa upole, "hiki hutupwa. Kikishatoka, unakimwagia maji, basi. Picha zote zilishaingia kwenye kile kifaa cha mkandani mlichorudisha."

"Hutupwa?"

"Hutupwa."

"Kamera?"

"Kazi yake inakuwa imekwisha, mama."

Mama Mapacha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikumbuka ule msako. Alikumbuka mumewe, mwanamume mzima mwenye heshima zake mtaani, akiwa amechutama uani na kijiti mkononi huku amegeuza uso, na yeye mwenyewe akimshikia tochi na kumwambia, "Angalia vizuri, baba, utatutia deni." Yote hayo ni kazi ya shemeji yake, Mjuaji, aliyeapa kwamba kamera kama ile ina thamani ya injini ya lori na kwamba hospitali humfunga asiyeirudisha.

"Huyo Mjuaji," alisema kwa sauti ndogo, "akija leo nitamnywesha maji ya pamba hii."

Hapo msichana akashindwa. Akacheka mpaka akashika ukuta, na Mama Mapacha naye, pamoja na aibu yote iliyompanda masikioni, akajikuta anacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika ua ule kwa muda mrefu. Lakini hakikudumu, kwa sababu mgeni alifunga kopo, akaliweka chini, na uso wake ukarudi kuwa uso wa kazi.

"Sikuja kuichukua kamera, mama. Nimekuja kwa sababu ya picha zake. Mzee yupo?"

* * *

Cheche alitoka chumbani akiwa ameshika mwimo wa mlango. Watu walimpa jina hilo kwa zile cheche za chuma zilizomzunguka siku zote, lakini miezi hii hata mtoto angeona kwamba moto umepungua. Viganja vyake vilikuwa vimekwajuka kama karatasi. Akipanda ngazi tatu za barazani alisimama kupumua. Choo chake kilitoka cheusi kama lami, ishara kwamba damu inavuja mahali fulani ndani, ila hapana aliyejua ni wapi. Walishampitisha bomba la kamera kwa juu, mpaka mwisho wa tumbo. Wakampitisha jingine kwa chini. Kote safi. Palibaki katikati, kwenye utumbo mwembamba, huko ambako mabomba yale hayafiki. Ndiyo maana wakamtuma mjumbe wa kumeza.

Nyumbani kwao kulikuwa na neno lisilotamkwa. Wengine huliita saratani. Wao walisema "ile kitu," tena kwa kupunguza sauti, kana kwamba ile kitu ilikuwa imekaa uani inasikiliza.

Msichana alijitambulisha: yeye ndiye anayekaa mbele ya kompyuta na kuzipitia picha moja moja kabla ya kumpa daktari. Kisha akauliza, "Baba, siku ile uliyovaa mkanda, ulifanya nini?"

"Nilifanya kama mlivyoniagiza," Cheche alijibu. "Sikula. Nilitembea. Mlisema nifanye shughuli zangu za kawaida, nami nikafanya."

"Shughuli zipi?"

Cheche akamtupia mkewe jicho, kisha akatazama vidole vyake. "Nilimalizia geti moja."

"Baba! Ulichomelea?"

"Kidogo tu. Bawaba, na maua ya juu."

"Lakini tulikuambia usisogelee mashine kubwa za umeme."

"Ndiyo. Sikusogelea." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Mashine kubwa ni zile za kiwandani, zinazofungwa kwa bolti sakafuni. Yangu ndogo. Naibeba kwa mkono mmoja."

Msichana akafumba macho kidogo. Halafu akatoa simu yake, akawaonyesha. Picha zilipita zikifuatana: njia ya waridi yenye unyevu, mikunjo laini, mwanga mdogo unaotangulia. Mama Mapacha, ambaye alikuwa ameishi na mwanamume huyu tangu ujanani, alimwona kwa ndani kwa mara ya kwanza, na jambo lililomshangaza ni kwamba palikuwa pazuri. Halafu ghafla, chengachenga. Skrini nzima kama televisheni iliyokosa mawimbi. Kisha waridi tena. Kisha chenga.

"Kile kidonge kinatuma picha kwa mawimbi, kama redio," msichana alisema. "Kila ulipogusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma, mashine yako ilipiga kelele kuliko redio yetu. Niliona chenga zinakuja na kukatika, zinakuja na kukatika. Nikasoma kwenye faili: kazi, fundi wa kuchomelea. Nikajua huyu mzee alikwenda kazini."

"Basi imeharibika?" Mama Mapacha aliuliza. "Tunaanza upya?"

"Hapana. Subirini. Tazameni hii, ya mwisho kabla chenga hazijaanza."

Ilikuwa waridi kama zingine, ila pembeni palikuwa na nukta nyekundu, na chini yake damu mbichi imetanda kama mafuta juu ya maji.

"Hapo ndipo panapovuja," alisema. "Tumepajua. Tatizo ni kwamba picha zilizofuata, ambazo zingetuonyesha ni kitu gani hasa, zote ni chenga. Huenda ni kimshipa kidogo tu kimelegea. Au ni…"

"Au ni ile kitu," alimalizia Mama Mapacha.

"Au ni uvimbe, mama. Sitawadanganya. Lakini kuna daktari bingwa anayetutembelea, ana bomba refu linaloweza kufika pale. Anafanya kazi kesho, halafu anaondoka. Nafasi moja imebaki. Daktari wetu alisema tuwapigie simu. Simu ikawa haipatikani. Nikaona nikitoka kazini nipite mwenyewe. Kesho asubuhi na mapema, baba, bila kula chochote."

Mama Mapacha alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alimkuta mumewe bado amesimama palepale, na maneno yaliyokuwa yamekusanyika kooni yakatoka yote.

"Siku moja! Uliambiwa utulie siku moja!"

"Geti lilikuwa la watu, mke wangu. Nilishachukua malipo ya mwanzo."

"Na tumbo ni la nani? La jirani?"

Cheche akakaa kwenye ile ndoo polepole, kama mtu anayeshusha mzigo wa mwingine. Akasema, "Niliogopa. Nikikaa bila kazi, nasikiliza kile kidonge kinavyopita. Nikishika mashine, sisikii."

Mama Mapacha akayarudia mashuka yake. Aliyakamua kwa nguvu mno, moja baada ya jingine, na hasira ikapungua pamoja na maji.

* * *

Dirisha la kuandikisha wagonjwa lilikuwa na kioo chenye tundu dogo, na karani alikuwa na sauti isiyohitaji tundu.

"Nani? Wa nini? Sema kwa nguvu, sikusikii!"

"Tumbo," Cheche alisema.

"Tumbo lina mambo mengi, mzee. Unaharisha? Hupati choo?"

"Nina… kinatoka kivingine."

"Aa, wewe ndiye yule wa choo cheusi!" Karani alifurahi kwa kumpata. Benchi zima likageuka. "Ingia kushoto. Wa choo cheusi apite!"

Mjuaji, mdogo wake Cheche, ambaye aliwaleta kwa gari aliloazima, akaona huo ndio wasaa wa kumtetea kaka yake. "Dada, mtu ana jina," alisema. Kisha akaharibu: "Tena kamera yenu tulishaipata. Ipo nyumbani, kwenye kopo." Benchi likageuka tena. Mama Mapacha alimkanyaga mguu, na hakuuondoa upesi.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mbele. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyosukumwa kwenye nywele, alisoma majibu ya damu akatikisa kichwa.

"Damu yako ni kidogo sana, baba. Siwezi kukulaza usingizi hivi. Uongezewe kwanza, asubuhi hii hii, tukuingize mchana. Ikishindikana leo, mgeni wetu anaondoka, na sijui atarudi lini."

Benki ya damu walijibu kwamba chupa za kundi la Cheche hazikuwepo, isipokuwa mbili, na hizo zilikwishawekewa mtu. Mama Mapacha akanyoosha mkono papo hapo, ingawa sindano ilikuwa kitu alichokiogopa kuliko nyoka. Tangu utotoni akiiona alianguka. "Nitoeni mimi, kundi letu ni moja."

"Hata tukikutoa sasa, mama," alisema kijana wa benki, "lazima ipimwe. Mpaka kesho. Na kesho mmechelewa."

"Hizo mbili ni za nani?"

Kijana alisita, kisha akaonyesha kwa kidevu. Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa baba mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, amepakata mkoba wa kike. Mkewe alikuwa ndani, akingojea kupasuliwa nyonga wiki iliyofuata. Wanawe walitoa damu zile kwa ajili ya mama yao, kisha wakarudi makazini kwao, mbali.

Mama Mapacha hakujua mtu huanzaje kuomba kitu kama hicho. Nauli unaomba, unga unaomba. Alikaa pembeni ya yule baba, akavuta pumzi, akasema yote bila kupamba: mume wake, bomba, bingwa anayeondoka, chupa mbili.

Mjuaji akadakia nyuma yake, "Tena tuko tayari kununua, mzee wangu, taja tu…"

"Wewe kijana ni nani wake?" baba mwenye kofia aliuliza.

"Ni shemeji yangu," alisema Mama Mapacha. "Msamehe."

"Damu ya wanangu siiuzi." Akauzungushazungusha ule mkoba mapajani. "Mke wangu anapasuliwa wiki ijayo. Leo hazihitaji. Lakini siku ile nikiambiwa hakuna, mama, nitakwenda kumwambia nini?"

"Nitarudisha."

"Watu husema."

"Chupa moja nitaitoa mimi, ya pili ataitoa huyu." Mjuaji akashtuka. "Mimi sitatoka geti la hospitali hii kabla sijarudisha ya kwangu. Iwe mume wangu ametoka mzima au vinginevyo."

Yule baba akamwangalia kwa muda, kama mtu anayepima nguo kwa macho. Halafu akainuka, akakiendea kidirisha cha benki. "Mpeni," alisema.

* * *

Wakati damu inadondoka taratibu kwenye mrija na rangi inaanza kurudi midomoni mwa Cheche, yule daktari alikuja kuwaeleza. Msichana wa picha alikuja naye, akasimama karibu na kitanda kama ndugu.

"Utumbo mwembamba ni mrefu na umejikunjakunja," daktari alisema. "Bomba la kawaida likisukumwa linajikunja nalo, haliendi. Hili refu lina puto. Puto linajaa, linaushika utumbo kwa ndani, tunauvuta kidogo unajikusanya juu ya bomba, tunasogea mbele. Tunaachia, tunashika tena."

"Kama kupitisha kamba kiunoni mwa suruali," alisema Mama Mapacha. "Unasukuma pini, unakunja kitambaa nyuma yake, unasukuma tena."

"Hivyo hivyo!" Daktari alicheka. "Nimehangaika miaka na wanafunzi kuwaelezea."

"Na mkifika pale?" Cheche aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tutaona. Kama ni uvimbe, tutakata kipande tukipime, tutazungumza. Kama ni kimshipa kinachovuja, tutakiziba palepale. Tunapuliza gesi inaitwa agoni, tunapitisha umeme, inapachoma juu juu mpaka panafunga."

Cheche akainua kichwa kutoka kwenye mto. Mkewe hakuwa ameona macho yale kwa miezi. "Agoni? Agoni ya kuchomelea aluminiamu?"

"Ni gesi ileile, baba."

"Kwa hiyo mnakwenda kunichomelea."

"Unaweza kusema hivyo."

"Nani anashika mashine? Huyo mgeni mkono wake umetulia?"

"Umetulia."

"Mwambie asipige sehemu moja kwa muda mrefu. Akikaa sana atatoboa. Apite kama anafuta vumbi."

"Nitamwambia," alisema daktari, bila kutabasamu, na Mama Mapacha akampenda kwa kutotabasamu.

Kitanda kiliposukumwa ndani na mlango kufungwa nyuma yake, Mjuaji aliyaanza maelezo yake kuhusu gesi. Mama Mapacha akamtuma akanunue maji. Alitaka kukaa peke yake. Mlangoni kulikuwa na kioo chenye ukungu, na kupitia hapo aliona vivuli vinakuja na kupotea. Alijaribu kuomba lakini maneno yakawa hayakai; kila alipofumba macho aliiona ile nukta nyekundu, na baada yake chenga. Ndani ya chenga mtu anaweza kuweka chochote. Aliweka jeneza, akaliondoa. Aliwaweka mapacha wake wakiwa na nguo nyeusi, akawaondoa. Aliweka ua wao bila ile harufu ya chuma anayorudi nayo Cheche jioni, na huo ukakataa kuondoka.

Baba mwenye kofia alipita na mkoba wake, akakaa mwisho wa benchi. Baadaye akasema, "Wamekwenda muda?"

"Wamekwenda muda."

"Wakichelewa ni vizuri. Wakikuta pabaya sana huwa hawachelewi." Hakuna aliyejua kama ni kweli, hata yeye. Lakini ilisemwa kwa wema, na Mama Mapacha aliishika.

Aliyetoka kwanza ni msichana wa picha. Hakuwa na haki ya kusema kabla ya daktari, hilo lilionekana usoni mwake. Lakini alikuwa kijana, na furaha haikutosha kifuani mwake. Akakimbia, viatu vikilia sakafuni.

"Kimshipa, mama! Kimshipa tu!"

Mama Mapacha aliusikia mwili wake unakaa, ingawa alikuwa amekaa tayari. Daktari alifuata, miwani kwenye nywele, akaeleza vizuri: hapakuwa na uvimbe, wala dalili yake. Palikuwa na mishipa midogo miwili, wa pili ukiwa mbele kidogo, mahali ambapo picha zote zilikuwa chenga. Yote imezibwa. Atakunywa dawa za kuongeza damu, atarudi wakamtazame, na huenda siku moja mwingine ukalegea. Wakijua, watarudi kuuziba.

"Kwa hiyo ile kitu haipo," alisema Mama Mapacha.

"Saratani? Haipo, mama. Hatujaiona popote."

Lile neno lilitamkwa kwa sauti ya kawaida, katika korido, mchana, na halikumdhuru mtu. Ndipo Mama Mapacha akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kamasi na machozi, na baba mwenye kofia akafungua mkoba wa mkewe, akachakura, akampa kitambaa.

Cheche alipozinduka, ulimi bado mzito, alimtafuta mkewe kwa macho, kisha akamwona daktari.

"Wameunga?"

"Wameunga, baba. Sehemu mbili."

"Mmegonga uchafu ukatoka? Mmepiga msasa?"

"Hapakuhitaji msasa."

"Hmm," alisema Cheche, kwa shaka ya fundi kwa kazi ya fundi mwingine, akalala tena.

* * *

Walimruhusu baada ya siku mbili. Asubuhi ile Mjuaji alifika na gari akiwa na haraka zote za mtu mwenye kitu cha kuazima: mwenyewe alilitaka kabla ya saa sita, na saa sita haikuwa mbali. Alishapakia mabegi. Alishamkalisha kaka yake kiti cha mbele na kumfunga mkanda.

"Shemeji, twende. Foleni ya barabara kuu itatuua."

"Bado ile damu," alisema Mama Mapacha.

Siku zote mbili aliipita ile benki ya damu akijisemea, baadaye. Asubuhi ana uji wa kumnywesha. Mchana mgonjwa anataka kugeuzwa. Ukweli ni sindano. Alishaiona kwa mbali kupitia mlango ulioachwa wazi, akageuza njia.

Mjuaji aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Yule mzee mwenyewe hayupo. Nimeuliza. Mkewe amehamishiwa jengo la kule nyuma, hata hamtaonana tena. Hospitali kubwa kama hii, watakosa chupa mbili? Nani atajua?"

"Na wewe ya kwako?"

"Mimi juzi nilikwenda, nikapimwa, wakasema presha iko juu. Waulize! Kwa kweli niliwashukuru." Alionekana kuona haya kidogo. "Shemeji, gari likichelewa sitapewa tena. Kaka hawezi kusimama kituoni. Tutampelekaje?"

Hapo alikuwa amesema kweli, na ndiyo iliyouma. Mama Mapacha alimtazama mumewe kupitia dirisha la gari. Viganja vyake vilikuwa vimerudiwa na rangi, si sana. Damu ya vijana asiowajua, waliorudi makazini kwao wakidhani mama yao amewekewa.

"Mpeleke wewe," alimwambia Mjuaji. "Mlaze kitandani, mpe dawa ya mchana, usimpe ushauri. Mimi nitakuja kwa miguu yangu."

Cheche akafungua mkanda.

"Unafanya nini?"

"Nakusubiri," alisema Cheche.

"Hujapona, baba. Jua kali, na kurudi hatuna gari."

"Uliposema hutatoka geti, nilikuwa hapo? Sikuwa hapo. Lakini aliyekunywa ile damu ni mimi." Alishuka taratibu, mkono mmoja juu ya paa la gari. "Nenda wewe na gari la watu, bwana mdogo. Ahsante. Umetusaidia."

Mjuaji alisimama akiwatazama wote wawili, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kusema lolote. Aliwashushia mabegi, akaondoka.

Benki ya damu ilikuwa na kiti kimoja cha kuegemea, na ubavuni mwake kigoda. Kijana alimchoma kidole kwanza, akapima, akampima na presha. "Uko sawa, mama. Unafaa." Mama Mapacha alikuwa ameomba kimoyomoyo asifae. Akakaa. Kijana akamfunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mshipa.

"Tazama ukutani," Cheche alisema kutoka kwenye kigoda. Alikuwa amemshika mkono ule mwingine. "Usitazame moto. Kazini namwambia kila mtu hivyo."

"Nitaanguka."

"Umekaa. Utaangukia wapi?"

Alitazama ukuta. Rangi yake ilikuwa imebanduka ikaacha umbo kama sikio. Alisikia baridi ya pamba, kisha mchomo, mkali na mfupi, na chumba kikayumba kama kinataka kwenda mahali. Aliyabana meno. Kiganja cha mumewe kilikuwa kigumu, kimejaa makovu ya moto, na kilikuwa cha uvuguvugu.

"Fumba ngumi, fumbua," alisema kijana. "Hivyo. Ya nani hii niandike?"

"Ya mama wa nyonga," alisema Mama Mapacha, macho yakiwa ukutani. "Mumewe ana kofia ya sufu. Andika, ni moja. Ya pili tutamleta mtu kesho, mimi mwenyewe nitamshika mkono."

Akafumba ngumi, akafumbua.